Kanda la Usufi: Wapagazi wa Nyanza na Haki ya Kutua Mzigo

Tarehe 27 Februari 1875 boti ilifika Ziwa Nyanza ikiwa mabegani mwa watu. Ilikuwa imeundwa Uingereza, urefu wake ulikaribia mita 12, na jina lake lilikuwa Lady Alice. Ilitenganishwa vipande, vipande vikafungwa kwenye miti, na wapagazi wakaibeba tangu Bagamoyo wakipita Mpwapwa, Ugogo, Ituru na Iramba mpaka Kageye, kijiji kilicho ufukoni mwa Ghuba ya Speke, katika Wilaya ya Magu ya leo. Henry Morton Stanley, mwenye safari, alihesabu maili 720, yaani zaidi ya kilomita 1,150, kwa siku 103. Ilipofika tarehe 8 Machi vipande vilikwisha kuunganishwa, boti ikaingia majini kwenda kulizunguka ziwa.

Waliotoka Bagamoyo pamoja naye Novemba 1874 walikuwa watu 356. Wengi hawakuliona ziwa. Njaa, homa, kuhara na mapigano ya Ituru viliwamaliza baadhi yao. Wengine walitoroka wakarudi makwao. Hata waliofika hawakuwa wamesalimika. Stanley akiwa bado majini, kijana wa Kiingereza aitwaye Frederick Barker alifariki Kageye mwezi Aprili. Hapohapo Kageye alifariki pia Mabruki, mtu ambaye alikuwa njiani tangu msafara wa Burton na Speke ulioondoka pwani mwaka 1857. Miaka 18 alitembea kwa ajili ya safari za watu wengine, akafia ukingoni mwa maji ambayo wengine walipata sifa kwa kuyaona.

Sisi tuliosoma shule za kandokando ya ziwa hili tulikariri majina na tarehe: Speke alisimama kilimani hapa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, Stanley akalizunguka ziwa mwaka 1875. Nani alibeba, halikuwa swali la mtihani.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeketi kivulini akimtazama mwenzake amejitwika, huona mzigo ni mwepesi kama usufi. Historia ya wapagazi wa Nyanza imeandikwa zaidi na waliokaa kivulini. Nikiipitia upya, kutoka njia za misafara hadi mageti ya Mlima Kilimanjaro, narudi kila mara kwenye jambo moja: uzito haukuwa adui mkubwa wa mpagazi. Adui yake mkubwa alikuwa yeyote aliyemnyima ruhusa ya kutua.

Kazi yenye sheria zake

Kwa Wanyamwezi, neno sukuma lilimaanisha upande wa kaskazini, na dakama upande wa kusini. Watu wa kusini mwa ziwa waliitwa Wasukuma kwa sababu walikaa kaskazini mwa Unyamwezi, na kule pwani wote wawili mara nyingi waliingizwa katika jina moja la Wanyamwezi. Kabla ya misafara ya pwani walikuwa tayari watu wa njia. Majembe ya chuma yaliyofuliwa na Warongo wa Uzinza, chumvi na samaki wakavu vilizunguka kutoka himaya moja hadi nyingine. Barabara ya pembe za ndovu ilipofunguka kwenda Bagamoyo, Wanyamwezi ndio walioishika kwanza, na kadiri karne ya 19 ilivyosonga, Wasukuma nao wakajiunga kwa wingi.

Mwanamume aliyekuwa hajaiona bahari alihesabiwa kuwa bado hajakomaa. Wavulana walianza kwa kubeba vipembe vidogo nyuma ya baba zao. Safari zilipangwa kufuata shamba: watu waliondoka mavuno yakiwa ghalani, wakajitahidi kurudi kabla ya msimu wa kulima. Nyumbani walibaki wanawake na wazee wakitunza nafaka na mifugo, na wanawake wengine waliingia njiani wenyewe, vyungu kichwani na mtoto mgongoni. Bila kazi ya hao wote, hakuna msafara ambao ungefika popote.

Mtu wa pwani alibeba kichwani, Mnyamwezi na Msukuma wakabeba begani. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, ukiacha mkeka wa mpagazi, chungu chake, chakula na silaha yake. Pembe kubwa iliyomshinda mtu mmoja ilifungwa kwenye mti, ikabebwa na wawili kwa mzega. Miaka ilipopita, bega la mpagazi mzoefu lilifanya sugu, na sugu hiyo ndiyo iliyokuwa cheti chake cha kazi.

Tukiitazama kwa mbali tunaweza kuidhani ilikuwa kazi ya watumwa. Walikuwapo watumwa njiani, tena wengi, na mateso yao hayapaswi kufunikwa. Lakini mpagazi wa Unyamwezi na Usukuma kwa kawaida alikuwa mtu huru aliyepatana ujira. Muungwana wa Unguja alilipwa kwa mwezi, ilhali Mnyamwezi mara nyingi alipatana malipo ya safari nzima, akilipwa kwa merikani, kaniki, shanga na masango ya shaba. Kila siku alidai posho yake, kibaba cha nafaka au nguo ya kununulia chakula. Wengi walibeba pia bidhaa zao wenyewe za kuuza pwani, na waliporudi walinunua ng'ombe, majembe, wakaoa.

Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, naye alikuwa chaguo la wapagazi wenzake. Alivaa nguo nyekundu na manyoya, akabeba bendera, na mtu aliyethubutu kumtangulia njiani alitozwa faini. Nyuma yake watu walijigawa katika kambi, vikundi vidogo vya kula chungu kimoja na kulala moto mmoja. Mgonjwa alijulikana kwanza na watu wa kambi yake.

Mwenye mali alipopunguza posho au alipotaka mwendo usio wa kawaida, wapagazi walifanya jambo moja rahisi. Walitua mizigo. Waliketi juu yake, wakasubiri. Vitabu vya Wazungu wa karne ile vimejaa manung'uniko juu ya uvivu na ukaidi wa wapagazi. Ukivisoma taratibu, utaona wanachokilalamikia ni mgomo. Msafara wa watu 300 uliotua mizigo katikati ya pori ulimlazimisha tajiri yeyote kuzungumza. Yakishindikana mazungumzo kulikuwa na njia ya pili, kutoroka usiku, na mwenye safari alibaki na marobota yasiyo na mabega.

Mgunda Mkali na watani

Uhuru huo haukuwa usalama. Kati ya Ugogo na Unyanyembe kulikuwa na Mgunda Mkali, nyika kavu ambayo watu waliivuka kwa telekeza: kupika mapema, kubeba maji, kutembea alasiri hadi giza bila kutegemea kisima. Aliyeanguka hapo aliweza kuachwa. Ndui iliingia kambini ikateketeza watu kwa siku chache. Watawala wa Ugogo walidai hongo, na msafara uliokwama ukijadiliana hongo ulikula akiba yake. Mpagazi aliyeugua kwa kawaida hakulipwa siku za ugonjwa, na aliyekufa aliacha mzigo ambao mwingine aliongezewa.

Dhidi ya hatari hizo watu walijenga kinga yao, nayo bado ipo. Mpaka leo Msukuma na Mzaramo wakikutana hutaniana hata kama hawajawahi kuonana. Vivyo hivyo Msukuma na Mgogo, Mnyamwezi na Mzigua. Msibani mtani huingia akafanya vituko, akachukua chungu, akadai kilipiwe, na wafiwa hucheka wakiwa na machozi. Utani huu ulikua sana kwenye njia za misafara. Watu waliopitapita katika nchi za wenzao, wakati mwingine wakipigana na wakati mwingine wakiuziana chakula, walikubaliana kugeuza uadui kuwa mzaha wenye wajibu ndani yake. Mtani alipaswa kumpa mpita njia chakula. Mtani alipaswa kumzika aliyefia ugenini.

Nafikiri tunapozungumza juu ya ustahimilivu wa watu wetu tunaupunguza sana tukiuita moyo mgumu. Moyo ulikuwapo, lakini ulikuwa na mahali pa kuegemea. Mpagazi alistahimili kwa sababu alikuwa na shamba linalolimwa nyumbani, kambi inayomjua njiani, na mtani atakayemfukia asiliwe na fisi. Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyompa nguvu ya kusema hapana kwa tajiri. Mtu asiye na pa kurudi hawezi kutua mzigo.

Kodi na meli

Katika miaka ya 1890 barabara ya kati ilifurika. Makadirio ya wakati wa Wajerumani yalitaja watu wapatao laki moja wakipita kila mwaka kati ya bara na pwani. Charles Stokes, Mwairishi aliyekuja kama mtumishi wa misheni akaoa Unyamwezi na kugeuka mfanyabiashara, aliendesha misafara mikubwa iliyowategemea wapagazi wa huko. Wajerumani waliweka kituo Mwanza mwaka 1892, na bandari ndogo ya ngozi na pembe ikaanza kuwa mji.

Kisha mambo mawili yaliigeuza kazi hii.

La kwanza lilikuwa kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, rupia tatu kwa mwaka. Zamani mtu alikwenda pwani akitafuta mali ya kuoa au ng'ombe wa kuongeza zizini, na mwaka asipotaka alibaki. Sasa alikwenda kwa sababu asipopata rupia angekamatwa. Serikali ilihitaji pia watu wa kubebea mizigo ya jeshi na ya maofisa, na wakuu wa vijiji waliagizwa kuwatoa. Aliyetwishwa kwa amri hakuwa na wa kupatana naye. Akitua, anapigwa kiboko.

La pili lilikuja kwa njia ya maji. Meli ya William Mackinnon ililetwa Afrika Mashariki ikiwa vipande, na kwa sehemu ya njia kutoka Mombasa vipande hivyo vilibebwa na wapagazi, kwa kuwa reli ya Uganda ilikuwa haijafika ziwani. Iliingia majini mwaka 1900. Tarehe 20 Desemba 1901 reli yenyewe ikafika Kisumu. Ndani ya miaka michache ngozi, karanga na pamba za Mwanza zilivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, zikapanda gari moshi hadi Mombasa. Robota ambalo lilihitaji bega la mtu kwa miezi mitatu likawa linafika baharini kwa siku chache. Njia ya Bagamoyo ikanyauka. Mabega kama yale yaliyopandisha meli bara ndiyo yaliyobaki bila mzigo.

Reli ya Kati ikamalizia kazi hiyo. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora likaingia Mwanza mwaka 1928. Sina sababu ya kuililia frasila mbili begani. Hakuna mzazi anayemwombea mwanawe sugu ile. Ila kazi ilipoondoka, ilikwenda pamoja na sheria zake: kirangozi aliyechaguliwa, mapatano ya ujira kabla ya safari, na haki ya kuketi juu ya mzigo mpaka yasikilizwe. Vijana wa Usukuma na Unyamwezi walienda kujenga reli hizohizo, kisha wakaenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako mtu aliandikwa kwa namba akaitwa manamba. Alishika kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na malipo yalikuja pale tu siku zote zilipojazwa. Siku aliyougua haikujazwa.

Kariakoo

Halafu ikaja vita. Mwaka 1914 Waingereza na Wajerumani walianza kupigania nchi ambayo barabara zake nyingi hazikupitika kwa gari na ambamo punda na farasi walikufa kwa ndorobo. Ikabidi warudi kwa binadamu. Waingereza waliitwaa Mwanza tarehe 14 Julai 1916 wakitokea ziwani, na kama ilivyokuwa chini ya Wajerumani, vijiji vikaanza kutoa watu. Jeshi likihama, unga, risasi na majeruhi walihamia vichwani na mabegani.

Katika vita nzima ya Afrika Mashariki, upande wa Waingereza peke yake ulitumia watu wanaokaribia milioni moja kubeba. Waliokufa wanakadiriwa kufika karibu laki moja, wengi wao kwa kuhara, malaria na kichomi. Walilishwa unga ambao matumbo yao hayakuuzoea, mara nyingi usioiva vizuri, wakalala kwenye matope bila blanketi la kutosha. Ukilinganisha na misafara ya zamani utaona hasa kilichoondolewa. Zamani mpagazi wa ziwa alijua njia, alichagua msimu, alikula na kambi yake na alipita kwa watani zake. Vitani alitwishwa wakati wa masika, akapelekwa asikokujua, na kutoroka kukawa kosa la jinai.

Jina la kikosi cha wabebaji hao kwa Kiingereza likatamkwa Kariakoo, na leo ni soko maarufu kuliko yote nchini, jijini Dar es Salaam. Nairobi nako kuna Kariokor. Watu hununua vitenge na vyombo juu ya jina la wabeba mizigo waliokufa, na wachache hukumbuka. Baada ya vita, mishahara ya maelfu ya marehemu ilibaki bila kuchukuliwa. Maofisa wachache walidai fedha hizo zitumike kwa manufaa ya jamii walizotoka, lakini serikali ya Uingereza ilikataa kuzitoa. Sidi Mubarak Bombay, aliyemfikisha Speke ziwani na kuongoza misafara mingine mikubwa, alipewa pensheni ndogo na Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha London mwaka 1876. Wale wa Kariakoo hawakupata hata hiyo.

Jembe na mzani

Msukuma hakuuacha wimbo njiani. Nyimbo za kuvuta mwendo, zilizozaliwa kwenye njia ya Bagamoyo, zilirudi zikaingia shambani. Mtafiti Frank Gunderson alikusanya nyimbo nyingi za kazi za Wasukuma katika kitabu kilichotoka mwaka 2010, na ndani yake nyimbo za wapagazi zimekaa jirani na za wakulima kama ndugu wa baba mmoja. Vikundi vya kulima kwa pamoja viliendeleza tabia ya kambi: kiongozi aliyechaguliwa, faini kwa mchelewaji, chakula cha pamoja, shamba la mgonjwa kulimwa na wenzake. Vyama vya Bagika na Bagalu viliufanya mpambano wa ngoma kuwa sherehe ya mavuno. Ukiona ngoma ya bugobogobo ikichezwa pale Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement karibu na Kisesa, tazama majembe yanavyorushwa na kudakwa kwa mdundo mmoja. Ni mwendo wa watu wengi wenye mzigo mmoja.

Mzigo mpya ulikuwa pamba. Katika miaka ya 1940 mkulima wa Usukuma alilima, akavuna, akajitwika gunia hadi kituo cha kununulia, na pale akakutana na mzani ambao si wake, unaosomwa na mtu ambaye si wake, kwa namba ambazo mara nyingi hakuweza kuzihakiki. Malalamiko ya kupunjwa yalienea kila mahali. Baada ya kuvuka jua na vumbi, jasho lake liliibiwa katika dakika ya mwisho, palepale alipotua.

Jibu la wakulima linastahili kukaa katika kila kitabu cha historia ya nchi hii. Waliweka watu wao kwenye vituo, wasimame karibu na mzani na kupima upya. Kutoka hapo wakajenga ushirika. Paul Bomani, kijana wa Mwanza, alizunguka kata kwa kata akiwaunganisha katika chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, VFCU, ambalo katika miaka michache lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya wakulima katika Afrika. Lilinunua pamba, likamiliki vinu vya kuchambulia, likasomesha watoto.

Naona wazi kwamba wakulima wale walikuwa wajukuu wa wapagazi kwa akili kama walivyokuwa kwa damu. Babu aliketi juu ya robota mpaka posho ilipotimia. Mjukuu alisimama kando ya mzani mpaka ratili zilipotimia. Wote wawili walijua kwamba haki ya mbebaji hupotea mahali pa kupima, na kwamba hapo ndipo pa kusimama.

Wagumu wa mlimani

Leo mzigo wa msafiri haupiti tena Kageye. Umepanda mlima.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro. Walifika huko kwa msafara wa aina ileile iliyojulikana Tabora na Nyanza, wenye wapagazi, posho na mizigo iliyogawanywa. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alibaki kambini juu kwenye baridi akiwalindia na kuwapikia, mtoto wa pwani ya joto kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,000. Miaka mia moja baadaye, katika kumbukumbu za mwaka 1989, mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alitambuliwa hadharani kuwa miongoni mwa walioongoza safari ile. Alifariki mwaka 1996. Heshima yake ilichelewa kwa karne nzima.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na sasa makumi ya maelfu ya watu hupanda kila mwaka. Kila mtalii hufuatwa na wapagazi watatu au zaidi wanaobeba hema, jiko, maji, mayai, meza na viti. Wenyewe hujiita wagumu. Kijana hukaa Moshi au Arusha akisubiri simu, au husimama getini Machame alfajiri akitumaini kuitwa. Mara nyingi hakuna mkataba wa maandishi. Safari ikiisha, siku sita au saba baadaye, atasubiri tena, na sehemu kubwa ya kipato chake itategemea tipu, ambayo hupita mikono kadhaa kabla ya kumfikia. Wako waliokufa kwa baridi na kwa ugonjwa wa kimo kwa sababu walipanda na viatu vya mitumba na koti jepesi.

Utaratibu uliopo unasema mzigo wa kampuni usizidi kilo 20. Kando ya frasila mbili za zamani ni hatua, na ilipiganiwa. Mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ulioanza mwaka 2003 mjini Moshi, huwaazima wapagazi mavazi ya baridi bure, huwafundisha, na hufuatilia kampuni zinavyowatendea walio mlimani. Wapagazi nao wana vyama vyao. Lakini mwaka 2020, ndege za abiria kutoka nje zilipositishwa kuanzia Aprili hadi Mei kwa ajili ya korona, na watalii wakaendelea kuwa wachache kwa muda mrefu baadaye, ilionekana kinga iliyobaki ni ipi. Mtu aliyekuwa na shamba nyumbani alirudi kulima. Aliyepanga chumba mjini, asiye na shamba wala mkataba, hakuwa na kambi.

Na tusidhani habari hii imekwisha huku kwetu ziwani. Nenda Kirumba Mwaloni asubuhi uone magunia ya dagaa na marobota ya samaki wakavu yakiteremshwa na kupakiwa. Makuli hulipwa kwa gunia. Siku boti hazikufika hakuna malipo, na siku mgongo umekataa hakuna malipo pia. Hao hawamwoni mtalii wala hawapigwi picha, lakini kazi yao ni ileile, na hofu yao ni ileile.

Nimeanza na boti iliyotuliwa mchangani Kageye, nikamalizia getini Machame, kwa sababu sehemu zote mbili zina kitendo kimoja. Asubuhi ya safari begi la mtalii huning'inizwa kwenye mzani, namba husomwa, na kijana hujitwika. Mzani upo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na mzani pia, na waliibiwa mpaka siku waliposimamisha mtu wao kando yake. Mpagazi wa Kilimanjaro na kuli wa Mwaloni wanahitaji mtu huyo leo: mwenzao, waliyemchagua kama kirangozi alivyochaguliwa, mwenye mamlaka ya kuusoma mzani kwa sauti, kushika daftari la tipu, na mzigo ukizidi, kuwaambia wenzake watue.